Bendi ya Fundi Sofa na Ubeti wa Pili

Saa tatu asubuhi, Sponji ana misumari mdomoni na anaimba.

Si kuimba kwa maneno. Fundi sofa hubana misumari midogo kwa midomo ili mikono yote miwili iwe huru kuvuta kitambaa. Akiutaka mmoja, anausukuma kwa ulimi, anaupokea kwa vidole, anaugonga. Kati ya msumari na msumari unatoka mguno wa puani, mrefu, unaopanda na kushuka. Mguno huo, ukiongezewa gitaa na vikorokoro vya umeme, umewahi kujaza kumbi.

"Usimchekeshe," mumewe anamwonya mwandishi wa makala haya. "Akimeza mmoja tutakosa fundi na mpiga gitaa kwa mpigo."

Wimbo anaouguna unaitwa "Dari Linashuka". Anauguna ubeti wa kwanza, anapitia kiitikio, kisha ananyamaza. Nyundo inagonga peke yake kwa muda. Halafu mguno unarudi, lakini umeshafika kiitikio cha mwisho. Ubeti wa pili hauguni. Ukimuuliza kwa nini, anaonyesha misumari mdomoni kama mtu aliyefungwa mdomo na kazi.

Mwanamke huyu mwenye miaka thelathini na minane ameitwa Sponji kwa muda mrefu mpaka wateja wapya huuliza kama ndilo jina la ukoo. Anatengeneza makochi, viti vya mikahawa na viti vya magari. Upande wa mbele wa karakana yake umejaa fremu za mbao zilizovuliwa nguo. Upande wa nyuma, magodoro yaliyosimamishwa wima yametengeneza chumba ndani ya chumba, na ndani yake kuna ngoma, magitaa mawili, na kinanda ambacho vitufe vyake vitatu vimekufa na vimezibwa kwa utepe wa gundi ili mtu asivibonyeze kwa bahati mbaya.

Hapo ndipo ilipozaliwa Paa Limepaa, bendi ya watu wanne isiyo na meneja, isiyo na kampuni, na kwa mwaka mmoja uliopita, isiyo na mwimbaji.

Wanaojua majina ya muziki wanasema wanachopiga ni saikedeliki. Gitaa linasikika kama limetumbukia kwenye pipa la maji, sauti inaondoka na kurudi kwa mlango mwingine, na wimbo unaodhani umeisha unaanza tena wewe ukiwa umeshachukua mkoba. Mama yake Sponji ana jina jepesi zaidi. Anauita muziki wa homa.

"Siku hiyo nilikuwa mgonjwa kweli," anasimulia mama huyo, aliyekuwa akilala chumba kinachopakana na karakana. "Homa kali, mwili unatetemeka. Nikasikia ukuta unaimba. Nikasema basi, safari imewadia. Kesho yake homa imeshuka, nimekunywa uji, ukuta bado unaimba. Ndipo nikajua kumbe si homa, ni wanangu."

Wanawe ni wawili: Sponji na mdogo wake wa kike, ambaye bendi nzima inamwita Mdogo. Mdogo ni mwalimu wa chekechea. Sauti yake ndiyo iliyowaponza na ndiyo iliyowapa jina.

Wakati huo walikuwa wakipiga muziki kama wengine wanavyocheza karata, kupoteza jioni. Alasiri moja ulivuma upepo mkali huku Mdogo akiwa katikati ya noti ndefu ya juu, macho ameyafumba, hajui linaloendelea. Mabati ya karakana yaling'oka yakaenda kutua kwa jirani anayechomelea mageti. Alipofumbua macho aliona mawingu.

"Mdogo," mume wa dada yake akamwambia, akiwa bado ameshika vijiti vya ngoma, "umepaza sauti mpaka paa limepaa."

Mume huyo huitwa Shemeji. Mdogo ndiye mwenye haki ya kumwita hivyo, lakini jina lilisambaa. Leo hata mkewe humwita Shemeji anapomtuma dukani. Wa nne ni Fundi Redio, mpiga gitaa la besi, ambaye hutengeneza redio mbovu mchana na kuharibu sauti ya redio nzima jioni. Kile kisanduku kinacholifanya gitaa la Sponji lilie kama liko majini alikiunda yeye kwa matumbo ya redio ambazo wenyewe walizisusa.

Jina likaleta kisa chake. Walipopata onyesho la kwanza nje ya mtaa, walimpigia simu mchora mabango, wakamtajia jina. Bango lilipofika, lilikuwa na swala mdogo mwenye mabawa, macho makubwa, anaruka juu ya mji. Chini yake maandishi makubwa: PAA AMEPAA.

"Simu ilikuwa na makelele," anajitetea mchora mabango. "Wameniambia 'Paa Limepaa'. Nikasema masikini, vijana hawa ngeli iliwapita. Paa ni mnyama. Mnyama amepaa. Nikawasahihishia, na sikuwatoza hata senti ya sarufi."

Kitenzi walikirudisha mahali pake. Yule mnyama walimwacha, kwa kuwa alikuwa amechorwa vizuri kuliko kitu chochote walichokuwa nacho. Mpaka leo, wakifika mji mgeni, kuna mtu atauliza kama bendi ni ya wawindaji.

Wengine huuliza jambo jingine, kwa sauti ya chini. Sponji amelizoea.

"Wanadhani tunavuta kitu," anasema, misumari ikiwa imehamia kwenye kiganja. "Kitu pekee ninachovuta mimi ni kitambaa. Labda na harufu ya gundi, lakini hiyo nani ana hiari nayo?"

Albamu yao ya kwanza waliirekodi humo humo kwenye magodoro, siku za Jumapili, kwa kuwa ndiyo siku ambayo jirani hachomelei. Sponji anaeleza faida za sponji kwa fahari ya mwenye mali: inameza mwangwi wote, sauti inabaki uchi, halafu Fundi Redio anaivalisha mwangwi anaoutaka yeye. Wakati mwingine walilazimika kusimama katikati ya wimbo kwa sababu mteja amekuja kununua ukuta wa studio.

Wimbo wa "Dari Linashuka" ulikuwa wa mwisho. Fundi Redio alitaka sauti ya Mdogo itoke kama inatoka chini ya sakafu. Walijaribu kumweka kabatini, haikufaa. Wakajaribu kumfunika godoro, akapiga chafya. Mwishowe walimlaza kinyumenyume juu ya sofa kuukuu la mteja mmoja aliyehama bila kulichukua: miguu juu ya egemeo, kichwa kimening'inia karibu na sakafu, kipaza sauti puani.

Ubeti wa kwanza ukaenda salama. Katikati ya ubeti wa pili, springi moja ya sofa ilichomoka ikamchoma ubavuni, na Mdogo, badala ya kupiga yowe, akacheka. Cheko lenyewe la kushtukiza, la mtu aliyepinduliwa, nusu kikohozi. Kisha akaendelea kuimba kana kwamba lilikuwa limeandikwa.

Waliisikiliza rekodi hiyo mara nyingi, wakaona hakuna cha kufuta. Watu waliposikia albamu hiyo mitandaoni, walilipenda cheko kuliko wimbo. Kwenye maonyesho, ukumbi mzima ukifika hapo hucheka pamoja naye.

Mtu asidhani umaarufu huo ulijaza sufuria. Mapato ya nyimbo zao kwa mwezi, kwa hesabu ya Shemeji, hayanunui godoro la mtoto. Sponji hupata zaidi kwa kukarabati kochi moja la watu watatu kuliko bendi inavyopata kwa msimu mzima wa mvua. Ndiyo maana mwaliko wa kuzunguka miji saba waliupokea kama watu walioitwa na Mungu, wakafunga karakana, na Mdogo akaomba ruhusa shuleni.

Walisafiri kwa magari mawili. Fundi Redio na Sponji walipanda gari dogo la abiria walilokodi. Shemeji aliendesha pikapu ya vyombo. Mdogo hakuwa na gari maalumu: akichoka na hadithi za Fundi Redio za waya, anahamia kwa Shemeji, akichoka na ukimya wa Shemeji, anarudi.

Katikati ya safari, kwenye kituo cha mafuta, Mdogo alikwenda msalani. Simu yake aliiacha kwenye gari la abiria, inachajiwa. Alipotoka, palikuwa na paka na dereva wa lori la mboga, basi.

"Mimi nilijua yuko kwa Shemeji," anasema Sponji.

"Nami nilijua yuko kwa dada yake," anasema Shemeji.

Waligundua walipofika ukumbini na kuanza kushusha vyombo. Watu walikuwa wameshajaa, wengine wamekaa madirishani. Shemeji aligeuza pikapu kumfuata. Mwandaaji wa onyesho, mtu wa maneno machache na jasho jingi, akasema ama wapande jukwaani au wamweleze yeye pa kukimbilia. Sponji na Fundi Redio wakatazamana. Ndani ya kompyuta ya Fundi Redio, sauti ya Mdogo ilikuwa imehifadhiwa peke yake, wimbo kwa wimbo.

Wakapanda wawili na mashine. Ngoma nazo zikatoka kwenye mashine. Wakaomba taa zipunguzwe na moshi uongezwe, na Sponji akasimama nyuma ya kipaza sauti akifumba na kufumbua mdomo kana kwamba anaimba.

Mdogo alifika kwa lori la mboga, akiwa amepishana njiani na pikapu iliyokuwa ikimtafuta. Mlinzi wa mlangoni alikataa kumruhusu bila tiketi. Alipofanikiwa kupenya, wimbo wa mwisho ulikuwa umeshaanza.

Mwandishi alimkuta wiki hii kwenye darasa lake, amekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamekaribia kidevu, anachonga penseli za rangi. Anazungumza bila kupandisha sauti.

"Nilisimama nyuma kabisa. Nikajisikia naimba. Nikafika pale kwenye springi, nikajisikia nacheka, na mimi nimenuna. Watu wote wakacheka. Mwanamume mmoja pembeni yangu akasema, 'Huyu dada anajua!' Wimbo ukaisha, wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Ungefanyaje? Nilijipigia makofi."

Lililomchoma zaidi, anasema, lilikuja baadaye, nyuma ya jukwaa. Fundi Redio, kwa nia njema ya fundi anayemtuliza mwenye redio, alimpokea kwa kusema: "Usijali, mdogo wangu. Limeenda vizuri. Watu hawakukosa kitu."

Mdogo anairudia sentensi hiyo taratibu, anaweka penseli chini.

"Hawakukosa kitu. Basi mimi si kitu."

Aliimba katika miji iliyobaki, hakukosa hata onyesho moja. Walipofika nyumbani alishuka na mkoba wake, akawaaga wote kwa heshima, na hakukanyaga tena karakana.

Hawakugombana, na labda ingekuwa nafuu wangegombana. Wanakutana kwa mama yao, wanapeana kikombe, wanaulizana habari za dawa za mama na bei ya sukari. Muziki hautajwi. Mama anawatazama, anajaribu hili na lile.

"Kosa moja haliachi mke," aliwaambia siku moja mezani.

"Mama, hapa nani mke?" akauliza Sponji, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sponji mwenyewe hakuwahi kuomba radhi. Anakiri alikuwa na hoja, na aliishikilia kama fundi anavyoshikilia vipimo vyake. "Nilisema kosa lilikuwa la magari mawili. Mimi gari moja. Kila mtu alete nusu yake. Halafu miezi ikapita, nikaona hoja yangu bado nzima, ila bendi haipo."

Sasa wameitwa tena. Kuna ziara nyingine, ndefu kuliko ya kwanza, na wanatakiwa wapeleke albamu mpya kabla haijaanza. Jumapili hii ndiyo siku waliyopanga kuanza kurekodi. Walijaribu waimbaji wawili. Mmoja alikuwa na sauti safi mno. Shemeji anasema alipoimba "Dari Linashuka" dari lilipanda. Wa pili alifika kwenye cheko, akacheka "ha ha ha", kwa kuhesabu.

Mwandaaji wa ziara aliwapa ushauri kwa simu: wakate vipande vya sauti ya Mdogo, waviunge upya, watumie mashine. "Si mlishafanya?" akawauliza. "Nani alijua?"

Sponji anasema hapo ndipo alipoona haya, kweli kweli, mara ya kwanza tangu siku ile. "Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Nimeikata simu. Nimemwambia Shemeji, Mdogo asipokuja Jumapili, magodoro haya nayauza, na vyombo tunavigawana. Sipandi tena jukwaani na mashine inayomcheka mdogo wangu."

Mwandishi alikuwa ameshamuuliza Mdogo, kule darasani, kama angerudi akiombwa radhi. Alitikisa kichwa.

"Radhi ya nini? Dada yangu namjua, hakuniacha kwa kusudi. Ameshaniomba radhi kwa macho mara mia. Mimi sitaki radhi. Nataka mtu aniambie kwamba pale nilipokuwa sipo palikuwa na shimo. Mtu mmoja tu. Basi."

Neno hilo mwandishi hakulifikisha karakana. Kazi ya mwandishi ni kuandika, na waliotumwa kupatanisha ndugu kwa kawaida hurudi na lawama za pande mbili.

Kwa hiyo asubuhi hii, Sponji hajui. Anamaliza upande mmoja wa kochi, anatema misumari kwenye kiganja, anatafuta simu chini ya mabaki ya vitambaa. Vidole vyake vina gundi. Anaandika kwa dole gumba, taratibu, midomo ikifuata kila neno. Anautuma ujumbe kabla moyo haujabadilika, kisha anamsomea mumewe kwa sauti.

"'Mdogo wangu, nimekukosa.'"

Shemeji anangoja. "Umemkosa?"

"Nimemkosea."

"Umesoma 'nimekukosa'."

Sponji anasogeza simu karibu na macho. Anasugua dole gumba kwenye suruali. Ile herufi moja, e, imenasa kwenye gundi. Mtu mzima ametumia mwaka mzima kukusanya ujasiri wa kuomba radhi, na radhi yenyewe imebaki kidoleni.

"Atadhani nilimpigia simu nikamkosa," anasema. "Atasema hata leo naleta mzaha."

"Mwandikie tena," anasema Shemeji. "Weka hiyo e."

Anaandika tena, safari hii kwa kidole cha shahada, akiwa amekunja uso. Hajamaliza, simu inalia. Mdogo amejibu, maneno mawili na alama ya kuuliza.

"Umenikosa wapi?"

Nje, jirani anachomelea geti na mwanga wa bluu unaruka ukutani. Sponji ameitazama simu kwa muda mrefu mpaka kioo kimezimika, akakiwasha, kikazimika tena. Shemeji amefungua mdomo kutoa ushauri, akaufunga. Ni mtu aliyeoa siku nyingi.

Kisha Sponji anafuta ujumbe aliokuwa akiurekebisha, herufi baada ya herufi, na anaandika mwingine mfupi. Hamsomei mtu. Anaiweka simu juu ya mbao ya kochi, mahali ambapo wote wawili wanaweza kuiona.

"Kwenye ubeti wa pili."

Jibu halikuja upesi. Sponji alirudi kazini, akapinda kitambaa, akakipindua, akagundua alikuwa anakishona upande usio wake. Mteja aliingia kuulizia viti vyake, akajibiwa kwamba viko tayari, jambo ambalo halikuwa kweli. Machozi yalimtoka Sponji mara moja tu, akayafuta kwa mkono wenye gundi na kujutia.

Simu ikalia.

"Ile springi umeitoa?"

Sponji anasoma, na anageuka kutazama nyuma ya magodoro. Lile sofa la mteja aliyehama bado liko pale, limebebeshwa maboksi ya waya na marobota ya vitambaa. Kwa miaka mitatu fundi huyu amekarabati springi za mji mzima. Hiyo moja hajaigusa.

"Bado ipo," anaandika.

"Amesema nini?" anauliza Shemeji.

"Ameuliza springi."

Shemeji anainuka, anakwenda nyuma, na vishindo vya maboksi yanayoshushwa vinaanza kusikika. Anampigia Fundi Redio akiwa bado ameinama, simu imebanwa kati ya sikio na bega, akimwambia Jumapili aje mapema na aache nyumbani maneno yake ya kutuliza watu.

Mpango, anasema Sponji, ni huu. Jumapili watarekodi nyimbo mpya, zote na Mdogo. Ziara wataifanya kwa gari moja, hata kama ngoma zitakaa mapajani mwa watu, na hakuna atakayewasha injini kabla ya kuhesabu vichwa kwa sauti. Na jambo jingine anataka kulimaliza kabla ya muziki kuanza.

"Ile e," anasema. "Nitampa mkononi. Asije akadhani nimeifuta kwa kupenda."

Anajaza misumari mdomoni, anavuta kitambaa, anagonga. Mguno unaanza. Ubeti wa kwanza unapita, kiitikio kinapita. Nyundo inasita kidogo mahali pake pa kawaida, halafu mguno unaendelea, chini kwa chini, unaingia ubeti wa pili kama mtu anayerudi kwenye chumba ambacho hajui taa yake iko wapi. Unafika katikati. Unafika kwenye springi.

"Misumari!" anapiga kelele Shemeji kutoka nyuma ya magodoro. "Mke wangu, misumari!"

Lakini ameshacheka, na misumari imetawanyika sakafuni.